Sakafu ya Chumba cha Sita

Sakafu ilianza kutoka jasho siku ya tatu baada ya Ratmi kuhamia.

Ratmi alikuwa binti aliyefanya kazi kiwanda cha biskuti, mpangaji wa chumba cha sita, kile cha mwisho kabisa upande wa nyuma. Alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaingia, na soksi zikanata chini. Akadhani chupa ya maji imevuja. Akachukua kitambaa kufuta, kitambaa kikavuta uzi mrefu, mzito, kama ute wa yai. Akakinusa. Hapo alitoka mbio akaenda kutapikia kwenye mfereji wa jirani, maana harufu ile ilikuwa shombo, lakini si shombo ya samaki.

"Pak, sakafu inatoka jasho," alimwambia baba mwenye nyumba, Tarmuji.

"Na wewe ukitoka jasho huwa nakuitia fundi?"

"Sitanii, Pak. Inanuka."

"Saruji mbichi hiyo. Mvua zote hizi, hata godoro langu lina unyevu. Fungua dirisha."

"Nimefungua. Nzi ndio wameingia."

"Basi funga."

Niseme wazi mapema: mtu huyu simpendi. Nauza wali wa nazi kila asubuhi pale njia panda ya Rawa Gabus, nimemlisha miaka, deni lake sijawahi kumdai mbele ya watu. Lakini mpaka leo nikikumbuka alichofanya, mate hunijaa mdomoni nikatafuta pa kutema.

Rawa Gabus ni ukingoni kabisa mwa Bekasi, mji wa viwanda huku kisiwani Java, viwanda vinapoishia na mpunga unapoanzia. Zamani ardhi ya huku hata bata waliidharau. Halafu likaja neno kwamba barabara ya kulipia itafunguliwa lango hapa, na ghafla kila mwanamume mwenye kiinua mgongo akawa mtaalamu wa viwanja. Tarmuji alikuwa ameshona viti vya pikipiki kiwandani miaka kumi na minne. Walipompunguza kazi, akachukua kiinua mgongo chake, akaongezea bangili za harusi za mkewe Lasmini, akanunua kiwanja chenye kisima na migomba, ajenge nyumba yake mbele na vyumba sita vya kupangisha nyuma.

Lasmini hakutaka vyumba. Alitaka mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na ya tatu ilikuwa na miezi miwili siku waliyotia sahihi.

Kiwanja kilikuwa cha Mak Icih, mkunga wetu wa zamani, aliyefariki mwaka uliotangulia. Aliyeuza ni bintiye, Bu Enok, mwanamke mkavu wa maneno, anayekanda wajawazito kama mama yake.

"Jenga utakavyo," Bu Enok alimwambia siku ya kumkabidhi. "Ila kule nyuma kwenye migomba usichimbe. Tandika saruji juu ukipenda, lakini usichimbe. Mama ameweka vitu vya watu."

"Vitu gani, Bu? Dhahabu?" Tarmuji alicheka.

"Ungekuwa Mzungu ningekueleza. Wewe ni Mjava, unajua."

Naye alijua. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa hajui ningemsamehe. Kwetu mtoto hazaliwi peke yake. Kondo la nyuma ni mdogo wake, humfuata nyuma kama mdogo anavyomfuata kaka yake. Baba hulikosha kwa mikono yake mwenyewe, hulitia chunguni na chumvi, sindano na uzi kama mtoto ni wa kike, penseli kama ni wa kiume, halafu hulizika mlangoni pa nyumba na kuliwekea taa siku thelathini na tano. La Tarmuji mwenyewe limezikwa mlangoni kwa mama yake kule Wonogiri. Sasa, watu wa viwandani waliokuja huku kutoka mbali na kupanga chumba, wao watazika wapi? Mpangaji hana mlango. Hana hata shubiri ya udongo. Ndipo Mak Icih aliposema leteni kwangu, akawazikia wote kule nyuma kwenye migomba, taa baada ya taa, miaka thelathini.

Kazi ya ujenzi ilipofika kwenye shimo la choo, pakawa hapatoshi. Shimo lazima liwe hatua kumi kutoka kisimani, na ukihesabu hatua kumi unaangukia kwenye migomba. Tarmuji akamwambia fundi wake, Pak Kasdi, achimbe.

Jembe la tatu likagonga chungu. La nne likagonga kingine. Kufikia adhuhuri walikuwa wamevipanga juu ya udongo, vidogo, vyenye vifuniko, vimefungwa vitambaa vilivyooza, mamia. Pak Kasdi akaweka jembe chini akarudi nyuma.

"Pak Tarmuji. Hivi ni vyungu vya ndugu."

"Naviona."

"Tuvifukie. Choo tukipeleke mbele."

"Mbele ndipo wateja wanapoingilia. Nani atapanga chumba cha kupita chooni?" Tarmuji akachuchumaa, akakigonga kimoja kwa ukucha, akakisikia kinavyolia. Ardhi yetu ni ya kinamasi, sakafu inataka kifusi kingi, na kifusi siku zile kilikuwa kimepanda bei. "Udongo uliochomwa huu, Pak Kasdi. Kifusi bora kuliko hiki utakipata wapi?"

"Astaghafiru! Ni vya watoto wa watu."

"Watoto gani? Wenyewe wamekua, wamehama, hata kuja kuvisalimia hawaji. Wapangaji tu hao. Wewe kama unaogopa, nenda nyumbani, mafundi wamejaa njia panda."

Pak Kasdi alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Hakwenda nyumbani. Lakini nyundo hakuishika, kwa hiyo Tarmuji aliishika mwenyewe. Akavunja vyungu siku mbili, akajaza vigae katika misingi ya vyumba, cha kwanza mpaka cha sita. Vya zamani vilikuwa vikavu, ndani mna chumvi iliyoganda na sindano zenye kutu. Vya mwisho havikuwa hivyo. Mak Icih aliendelea kuzalisha mpaka wiki aliyokufa, na mwaka mmoja katika udongo wa kinamasi si mwingi. Vile vya mwisho vilipopasuka, kilichokuwa ndani bado kilikuwa laini. Kilimwagika kizito, cheusi pembeni na chekundu katikati, kikamrukia kwenye shavu. Akajifuta kwa mkono wa shati, akavisukumia vyote chumba cha sita, akamwita kijana wa zege amwage.

Ndiyo sakafu iliyokuja kutoka jasho.

Ratmi alivumilia wiki mbili. Wali aliopika asubuhi ukifika mchana umechacha na kuota utando wa waridi. Nzi wa kijani, wale wa machinjioni, walitua sakafuni chumba kikiwa kimefungwa, wakajipanga kwenye mistari ya marumaru na kuinama kama wanaokunywa. Na kila magharibi, adhana ikimalizika tu, aliisikia sauti chini ya mkeka wake. Haikuwa kilio wala mlio wa panya. Ilikuwa fyonz, fyonz, halafu kimya cha kumeza, halafu fyonz tena.

"Mtoto ananyonya chini ya chumba changu," aliniambia kibandani, amelikumbatia begi lake la nguo, sauti imekwenda chini hata ikanibidi niiname. "Mama, naapa. Ananyonya, na hashibi."

Akahama siku hiyo hiyo. Wa chumba cha tano akamfuata, kisha wa cha nne. Tarmuji hakuuliza kwa nini. Alinunua marumaru mpya za bei mbaya, nyeupe zenye maua ya kijivu, akang'oa zile za kwanza chumba cha sita na kuzitandika juu ya saruji ile ile. Alijivunia marumaru zile utadhani kazizaa yeye. Baada ya siku nne ute ukapita katikati yake, safari hii mwekundu.

Kilichomtisha kwanza hakikuwa ute. Alikuwa mkewe.

Mimba ilikuwa na miezi sita na nusu. Tarmuji alirudi kutoka kwa dalali saa saba mchana, jua likiwaka, akamtafuta Lasmini jikoni hayupo, chumbani hayupo. Akamkuta chumba cha sita. Alikuwa amelala ubavu sakafuni, shavu limebanwa kwenye marumaru, tumbo limegusa chini, macho yamefumba nusu kama mtu anayekunwa mgongo.

"Mini! Unafanya nini hapo?"

"Pana baridi nzuri, Mas," alisema taratibu. "Na mtoto anatulia. Kule ndani ananipiga mateke usiku kucha, nikija hapa anatulia tuli."

"Inuka. Pachafu hapo."

"Harufu yake nzuri."

Alipojiinua, uzi mwekundu ulibaki umeunganisha shavu lake na sakafu, ukarefuka, ukakatika. Akaupangusa kwa kidole. Na kabla mumewe hajasema neno akakitia kile kidole mdomoni, akakifyonza mpaka kikatoka cheupe.

Tarmuji alitapika pale pale mlangoni. Akachota maji akaosha matapishi, akafunga chumba kwa kufuli, akanyamaza. Chumba cha sita kilikuwa kimeshapata mteja, msimamizi mmoja wa kiwanda, aliyeahidi kukichukua mwaka mzima akishakuja kukiona.

Mwezi wa saba wa mimba ukafika, na mwezi wa saba kwetu mjamzito huogeshwa. Wanawake saba, maji ya visima saba, petali za maua zikielea ndooni, na cha kwanza lazima kiwe kisima cha nyumbani. Tulikuwa tumejaa kwa Tarmuji asubuhi hiyo. Nyumba ya mbele haikututosha, wengine tukatandikiwa mikeka vyumba vya nyuma, tukakaa sakafuni tukila wali wa manjano na kuku, tukimcheka mume anavyohangaika kupasua nazi ya desturi. Bu Enok ndiye aliyeshika kata. Lasmini alikaa kwenye kigoda uani, amefungwa kanga ya batiki kifuani, anacheka kwa haya, na nilimwona mzuri siku ile.

"Bismillah. Haya, tumwogeshe mama mtarajiwa," Bu Enok akasema, akachota ndoo ya kwanza, ya kisima cha nyumbani, akainua kata juu ya kichwa cha Lasmini akamimina.

Maji hayakudondoka. Yalining'inia. Yalitoka kwenye kata polepole kama ute, yakashuka katika kamba nene hadi kwenye nywele zake, yakajikunja juu ya paji la uso na kushuka puani, na petali zikanasa humo zimesinyaa, na ndani ya ute mlikuwa na vinywele vyembamba, vile vya mtoto mchanga, vingi, vimesokotana. Na ile shombo ikapanda uani ikatuingia kooni wote kwa pamoja, na Lasmini, jamani, Lasmini alitoa ulimi akaulamba uliofika mdomoni, akatabasamu.

Wanawake walipiga kelele. Bu Enok hakupiga. Aliinusa kata, akaiweka chini, akatazama nyuma ya uani ambako zamani palikuwa na migomba na sasa pana kifuniko cha zege cha choo.

"Vyungu vya mama viko wapi?"

Tarmuji akaanza, "Bu, labda kisima kinahitaji dawa ya..."

"Nimeuliza vyungu vya mama viko wapi."

Pak Kasdi alikuwa kona, sahani ya kuku mkononi. Akaiweka chini.

"Mmevikalia, Bu," alisema. "Tangu asubuhi mmevikalia. Viko ndani ya sakafu, vyumba vyote sita."

Sijui nikuelezeje namna wanawake walivyoinuka kwenye ile mikeka. Mwenzangu mmoja, Yatini, muuza mboga, aliyezaa mwanawe Damar kwa Mak Icih akiwa mpangaji asiye na kitu, alisimama akitazama chini ya miguu yake, akanyanyua mguu mmoja, akakosa pa kuuweka.

"Ndugu yake Damar wangu yumo humu? Nimekula juu yake?" Akamwendea Tarmuji akamtemea mate kifuani. "Mbwa wewe! Umetukanyagisha watoto wetu, halafu unatupa kuku!"

Wengine walikwisha kuwa ukutani wanatapika. Nami nilikuwa mmoja wao, sioni aibu kusema.

Bu Enok alimsafisha Lasmini kwa maji ya visima vingine, akamlaza, kisha akamketisha Tarmuji mbele yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, karibu mnong'ono.

"Nisikilize. Mama alipokuwa hai walikuwa na mlango, mlango wake. Ulipowavunja, wakawa nyama iliyotupwa, na nyama iliyotupwa haikosi wa kuihamia. Hao aliowasikia Ratmi wakinyonya si ndugu wa watoto tena. Ni jini. Ameiona nyumba haina mwenyewe akaingia, kama mpangaji asiyebisha hodi."

"Anataka nini?"

"Anachotaka kila asiye na mlango. Na mlango uliobaki wazi hapa kwako ni mmoja tu." Akamwonyesha kwa kidevu kitanda alicholala Lasmini. "Mkeo anapenda ile harufu kwa sababu anayeipenda si yeye."

Tarmuji alilia. Hilo simnyimi, alilia kweli. "Mtoto huyu akitoka tena, Mini atakufa, Bu. Niambie la kufanya."

"Vunja sakafu zote sita, mpaka uone mchanga. Kila kigae ukiokote kwa mkono, si kwa koleo. Uvioshe kwa maji ya chumvi, tuvizike mlangoni pako mbele, pale wateja wanapoingilia, na taa uwashe mwenyewe siku thelathini na tano. Kabla mtoto hajageuka kichwa chini. Vyote, Tarmuji. Kikibaki kimoja, hukufanya kitu."

Akavunja. Mtaa mzima tulisikia nyundo. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, mikono imemchubuka, magoti yanavuja damu, anaokota vigae vyenye ute na kuvitia kwenye beseni. Yatini mwenyewe alikuja kumsaidia kuosha, akilia na kumtukana papo hapo. Na kadiri vyumba vilivyovunjwa ndivyo shombo ilivyopungua, maji ya kisima yakaanza kudondoka kama maji, Lasmini akala wali kwa samaki chumvi na kuomba nyongeza.

Jioni ya siku ya tano Tarmuji akafungua kufuli la chumba cha sita. Msimamizi wa kiwanda alikuwa anakuja Jumapili. Zilikuwepo zile marumaru nyeupe zenye maua ya kijivu, hata moja haina ufa, na siku hiyo zilikuwa kavu, safi, zinang'aa, hazinuki kitu. Alipiga magoti akazinusa. Akajiambia, basi, jini amekwisha toka, vyumba vitano vimetosha. Akafunga mlango.

Asubuhi alipanda pikipiki hadi sokoni akanunua vyungu vipya thelathini. Akavivunjavunja kando ya barabara, akavipaka matope, akavileta ndani ya gunia.

"Vya chumba cha sita hivi?" Bu Enok akamwuliza.

"Vya cha sita, Bu."

"Vyote?"

"Vyote."

Bu Enok akamtazama usoni, halafu akatazama magoti yake yaliyochubuka, akamwamini. Yeye si wa kulaumiwa. Nani angefikiri mtu atanunua vyungu ili adanganye, na roho ya mwanawe imo hatarini? Tukazika mbele ya mlango, tukasoma dua, chumvi ikamwagwa pembe nne, na pale Bu Enok aliposema "Toka, nyumba ina mwenyewe," upepo ulipita ndani ukabamiza milango mitano mmoja baada ya mwingine. Tulihesabu. Tukafikiri wa sita haukubamizwa kwa sababu una kufuli.

Taa aliwasha siku zote thelathini na tano, hilo nalo simnyimi.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya Ijumaa, zahanati, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Tarmuji alikuwa amesimama nje na chungu chake kipya, chumvi, kitambaa cheupe, sindano na uzi, tayari kupokea kondo la nyuma alikoshe kama baba yake alivyolikosha lake. Akangoja. Mtoto analia, na yeye anangoja. Mwishowe mkunga akatoka, glavu zina damu, uso umemshuka.

"Pak, mmeshawahi kuona... Hapana. Hebu kaa kwanza."

"Mke wangu?"

"Yuko salama. Mtoto yuko salama. Ila kondo halipo."

"Halijatoka?"

"Halipo. Tumepima na mashine, tumbo ni tupu, safi. Na kitovu hatukukikata sisi. Kimetoka kifupi hivi, kimefungwa mwishoni, kikavu, kama kilikatwa zamani." Mkunga alishusha sauti. "Mtoto huyu alikuwa anakula wapi, Pak?"

Tarmuji akarudi nyumbani na chungu kitupu.

Siku mbili mtoto hakunyonya. Lasmini alimtia titi mdomoni akaligeuzia uso, akalia mpaka midomo ikawa ya buluu. Daktari hakuona ugonjwa. Adhuhuri ya siku ya tatu, Tarmuji akiwa amesinzia kwa uchovu, kilio kikakoma ghafla. Aliamka kwa furaha, kisha akaona kitanda kitupu, akakimbilia uani, na njia yote kutoka mlango wa jikoni hadi nyuma hewa ilikuwa na shombo ile ile aliyoidhani imekwisha, nzito kuliko zamani, tamu, ya joto, na kufuli la chumba cha sita lilikuwa chini, limeloa ute, na mlango umeachwa nusu, na alipousukuma alimwona Lasmini amekaa ameegemea ukuta, nywele zimefunguka, anaimba wimbo wa kubembeleza kwa sauti ndogo, na mbele yake juu ya marumaru nyeupe zenye maua ya kijivu mtoto wao amelala kifudifudi, uchi, mdomo umebanwa sawasawa kwenye mstari katikati ya marumaru mbili.

Fyonz, fyonz. Kimya cha kumeza. Fyonz.

"Usipige kelele, Mas," Lasmini alinong'ona. "Anakula."

Tarmuji alimnyakua mtoto. Mdomo wake mdogo ulikuwa mwekundu hadi kidevuni, na ulipobanduka sakafuni ulitoa mlio wa kupasuka, na uzi ukarefuka. Akamkabidhi mama yake, akaenda kuchukua ile nyundo. Sasa ndiyo alikuwa tayari kuvunja. Alipiga mara moja, kwa nguvu zake zote, marumaru ikapasuka, na mtoto akapiga yowe ambalo mimi nililisikia kibandani kwangu, na kitovu chake kikafunguka, damu ikaruka. Lasmini akambana kwa kiganja akipiga kelele, "Unamuua! Mas, unamuua!"

Nyundo ya pili hakuipiga. Bu Enok aliitwa, akaja, akasimama mlangoni pa chumba cha sita na hakuvuka kizingiti.

"Nilikuuliza kama ni vyote," alisema.

"Bu, nisaidie. Chukua kiwanja, chukua kila kitu."

"Mpangaji asiye na mkataba hufukuzwa. Huyu umempa mkataba, na umeutia sahihi kwa damu ya mwanao. Ukivunja sakafu, unamvunja mtoto." Akageuka. Alikuwa analia, na sijapata kumwona Bu Enok akilia, hata alipomzika mama yake. "Mlishe. Ndiyo kazi yako sasa."

Lango la barabara ya kulipia lilifunguliwa miaka minne baadaye, mita mia nne tu kutoka kwetu. Yatini ameuza kipande cha ardhi alichokuja kununua hapa, amejenga nyumba ya matofali kwao na ndani ya mwezi akamzikia Damar chungu kipya mlangoni. Madalali wanapanga foleni kwa Tarmuji, wengine na fedha taslimu, na bei wanayotaja hata mimi husahau kupakua wali. Yeye hutikisa kichwa tu. Atamuuzia nani sakafu ambayo mwanawe anakula humo? Wapangaji wamerudi vyumba vitano vya kwanza, vilivyosakafiwa upya, hawajui kitu, na ukipita magharibi utamwona yule mtoto, mnene, mweupe, mwenye mashavu yanayong'aa, anatembea peke yake kwenda chumba cha sita na kufunga mlango. Wali hali. Maziwa hanywi. Akikusogelea unajikuta umeziba pua kabla hujajua, kisha unaona haya, maana ni mtoto tu, na jina lake ni Prihatin, na hakuomba kuzaliwa hivi.

Wiki iliyopita Tarmuji alikuja kibandani asubuhi, hakuagiza kitu. Alikaa na mikono yake juu ya meza. Amezeeka mtu yule.

"Jana alinivuta suruali," alisema, bila kunitazama. "Akaniambia, Baba, mdogo wangu anasema chumba kimekuwa kidogo. Amekua. Anataka na cha tano."

Nilimwambia asimsikilize mtoto, watoto husema mengi. Nilisema hivyo ili aondoke, maana alikuwa ananuka.

"Cha tano nilivunja," akaendelea. "Ulisikia nyundo. Kila kigae nilikiokota kwa mkono."

"Nilisikia."

"Leo alfajiri mpangaji wa cha tano amenigongea. Mkewe ana mimba ya miezi mitatu. Anasema sakafu inatoka jasho."

"Ukamwambiaje?"

Tarmuji aliinuka, akarudisha kiti mahali pake.

"Nimemwambia ni saruji," akasema.